Mwanzi na Sauti ya Nyumbani

Kila asubuhi, kabla ya kugusa kikombe cha chai, Eusebia Kikoti aliliamsha Ganda.

Alianza na vidole. Alipitisha kiganja juu ya kila pingili, akasikiliza, kisha akadondosha tone la mafuta pale nyuzi za mwanzi zilipokutana na chuma. Kutoka vidole alikwenda viwiko, kutoka viwiko mabega, na mwisho magoti, ambayo yalikuwa na ukaidi wake na yalihitaji kubembelezwa. Ganda, vazi la mwanzi na chuma la kumwongezea mtu nguvu, lilining'inia kwenye kulabu mbili katikati ya handaki, rangi ya majani makavu, kifua wazi kama kabati ambalo mtu amesahau kulifunga. Zamani treni zilipita humo ndani ya mlima mara nne kwa siku. Sasa, mwaka wa tatu wa vita, ilipita moja kwa wiki, tena kwa kuvizia, na upande wa pili wa reli ulikuwa umegeuzwa karakana.

"Hodi kwa mla mbwa."

Eusebia hakugeuka. "Pita, mla panya. Ufute miguu kwanza, hapa si kwenu Songea."

Longino Komba aliingia na birika mkononi, akafuta miguu kwa madaha kama bwana harusi. Miezi miwili iliyopita alikuwa mpishi wa kambi. Ganda lilikuwa limekatwa kwa vipimo vya askari mmoja aliyeugua ini kabla hajalivaa, na walipopimwa watu wote kambini, mabega pekee yaliyolitosha yalikuwa ya mtu aliyesonga ugali wa watu mia mbili. Hakuwa amewahi kushika bunduki. Alikubali kwa sharti moja, kwamba atabeba watu na hatampiga mtu, na Dokta Mbilinyi, aliyelibuni Ganda, akaliandika sharti hilo ndani ya Ganda lenyewe.

"Umeamkaje, Mhehe?"

"Vizuri, mpaka nilipouona uso wako. Umekula panya wangapi leo?"

"Wawili. Wa tatu yumo kwenye birika. Ukiona chai ina mkia, usishangae, ni heshima kwa mgeni."

Aliingia kifuani mwa Ganda kwa kurudi nyuma, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini, na kifua kikajifunga juu yake. Shingoni ikawaka taa ndogo ya kijani.

"Vidole," alisema Eusebia.

Vidole vikafunguka na kufumba.

"Kiwiko. Cha kulia, mla panya, cha kulia! Hawakuwafundisha?"

"Babu zangu wangewawahi kidogo tu mwaka ule, leo ungekuwa unanipigia pasi suruali."

"Babu zako walikimbia mpaka wakaacha viatu."

"Hawakuwa na viatu!"

"Ndiyo maana walikimbia vizuri."

Ganda zima lilitikisika kwa kicheko chake, na taa ya kijani ikang'aa zaidi.

Babu zao walikuwa wamepigana kweli, zamani sana, Wangoni na Wahehe. Waliuana mpaka wakachoka, kisha wajukuu wakaigeuza vita ile kuwa utani. Mtani anaweza kukuita jina lolote, kukuvua kofia, kukunyang'anya mnofu mdomoni, nawe huruhusiwi kununa. Kwa Eusebia hii ilikuwa zawadi. Mbele ya watu wengine wote sauti yake ilikuwa ndogo. Alipotetea mradi wake chuoni alizungumza na meza, na mtahini mmoja akamwomba ainue uso ili meza nayo ipumzike. Lakini siku Longino alipojitambulisha kwamba ni Mngoni, mlango ulifunguka bila yeye kubisha. Kwa siku thelathini na nane walikuwa wametukanana kuanzia asubuhi hadi jioni. Katika siku hizo zote hakuwa amemwambia neno moja la kweli, na kila usiku alilala akilifikiria.

Dokta Hyasinta Mbilinyi alipita na kiti chake cha kukunja, ambacho alikwenda nacho kila mahali kwa ajili ya magoti yake. Alikikunjua, akaketi.

"Nimesikiliza kumbukumbu za sauti zote," alisema. "Siku thelathini na nane za matusi matupu. Wanangu, hakuna hata 'tafadhali' moja?"

"Dokta, nikimwambia Mhehe tafadhali atadhani naumwa."

"Ganda linajifunza mazoea yenu, Longino. Mkilifundisha chumvi tu, sukari halitaijua."

Hilo ndilo lililokuwa jipya katika Ganda. Mwaka wa kwanza wa vita adui alijifunza kuiga sauti za makamanda, na askari kumi na wawili waliovaa Maganda ya kwanza walitembea moja kwa moja mtoni kwa amri ya sauti waliyoiamini. Dokta aliwajua wote kwa majina. Maneno huibwa, alikuwa akisema, mazoea hayaibiki. Akatengeneza kitu kisichojali nini kinasemwa. Kilisikiliza jinsi watu wawili wanavyosemeshana, pumzi, haraka, kicheko kinachokaribia kutoka, na baada ya siku arobaini kiliiamini sauti moja tu kuliko hata misuli ya aliyekivaa. Aliiita sauti ya nyumbani.

"Jumapili tutaongea kwa adabu," Eusebia alimwahidi. "Saa nzima." Akapiga goti kukagua goti la kushoto la Ganda.

Ndipo kipande cha reli kilichotundikwa mdomoni mwa handaki kama kengele ya hatari kikaanza kugongwa, na hakikuacha.

*

Katika kitabu cha kwanza cha Mwanzi, kile kilichopita mikononi mwa watoto mpaka kurasa zikawa laini kama kitambaa, shujaa anashuka kutoka mawinguni. Kweli ni kwamba Longino alifika kwa kiberenge, kigari kidogo cha reli. Alikaa nyuma, ameyakumbatia magoti, kwa sababu Ganda halikutosha kwenye benchi, na njia nzima aliwalalamikia kamanda wao, Kapteni Nyangeta, na Eusebia kwamba upepo unampiga mgongoni.

Hakuna aliyecheka walipotoka kwenye kona na kuliona daraja.

Treni ya wakimbizi ilikuwa imefika katikati ya korongo mbung'o walipoikuta. Mbung'o ni jina ambalo watu walizipa mashine ndogo za adui zinazoruka. Kila mmoja huuma mara moja tu, kisha huwa chuma chakavu. Watatu walikuwa wamegonga mhimili mmoja. Mabehewa mawili ya mbele yalivuka. La tatu lilikuwa limebaki juu ya kipande cha daraja kilichoinama, mkia wake ukielekea mtoni mita hamsini chini, na madirishani walionekana watu.

"Sitini na mmoja," alisema Kapteni Nyangeta, akishusha darubini. Alikuwa mtu wa makamo mwenye koo bovu, aliyezungumza kama anayeomba radhi. "Wanaweza kutoka kwa mlango wa mbele, mmoja mmoja. Lakini lile likisogea tena, basi. Komba, unaweza kuingia chini yake?"

Longino aliangalia chini. "Afande, naogopa vimo."

"Wangoni wote wanaogopa vimo," alisema Eusebia. "Ndiyo maana ni wafupi."

Taa ya kijani iling'aa. Longino akashuka.

Alishuka kwa nguzo ya zege, akiingiza vidole vya Ganda kwenye nyufa, mpaka akafika kwenye zege lililotokeza ubavuni mwa nguzo, chini ya kipande kilichoinama. Hapo alisimama, akapanua miguu, akaweka mabega chini ya chuma. Eusebia alilala kifudifudi ukingoni, kipaza sauti mdomoni. Kutoka pale aliona mgongo wa rangi ya majani makavu na taa moja. Adui walikuwa wakizima mawimbi yote ya mbali, hivyo sauti ya nyumbani ilipaswa kuwa karibu, na alikuwa karibu kiasi cha kusikia mwanzi ukilia.

Daraja likatulia. Mlangoni mwa behewa mtu wa kwanza akatoa mguu.

Betri ilikuwa nusu. Maporomoko yaliyozungusha jenereta ya kambi yalikuwa yamepungua kiangazi hicho, na Ganda lilikuwa bado na siku mbili za kujifunza na kuchajiwa. Eusebia alihesabu watu na kuangalia kipimo kidogo kilichofungwa mkononi mwake. Kumi na tisa walipokuwa wamevuka, betri ilikwisha. Ganda halikuachia. Lilianza kufanya kile lilichojengewa kufanya katika shida, yaani kuchukua joto la mwili uliokuwa ndani yake na kuligeuza kuwa nguvu.

Joto la Longino kwenye kipimo lilianza kushuka. Thelathini na sita. Thelathini na tano na nusu.

Dokta aliweka kinga. Joto la mvaaji likifika nyuzi thelathini na nne, Ganda hutua mzigo wowote lililobeba na kujitoa lenyewe, hata kama mvaaji anakataa, kwa sababu mtu aliyeshikwa na baridi kali hawezi tena kujiamulia vizuri. Kuna sauti moja tu inayoweza kulizuia: ya Eusebia, sauti ya nyumbani.

Kapteni Nyangeta aliyajua hayo yote. Alipiga magoti kando yake.

"Fundi. Bado watu thelathini na tano ndani. Liambie lisiachie."

Eusebia alikitazama kipimo.

"Najua ninachokuomba," alisema Kapteni.

"Atakufa, afande."

"Anaweza kufa. Wale watakufa."

Thelathini na nne na nusu. Mlangoni mwanamke mmoja mzee alikuwa ameshika fremu kwa mkono mmoja, mguu mmoja nje, akisita kama watu wanavyosita kwenye maji wasiyojua kina chake.

Ndipo Eusebia alipoona kwamba hakuwa na haja ya kukataa. Angeweza kutii amri mbele ya Kapteni, neno kwa neno, na bado akamtoa Longino pale. Ilitosha kuzungumza kwa adabu. Alilijua jambo hilo kama anavyojua kidole chake mwenyewe. Hakuna ambaye angemlaumu. Wangesema binti aliogopa. Hakufikiri kwa muda mrefu. Baadaye, kila alipotaka kujitetea moyoni, kitu hicho ndicho kilichomzuia, kwamba hakufikiri kwa muda mrefu.

"Ndugu Longino Komba," alisema kwenye kipaza sauti, taratibu, kama anayesoma tangazo kanisani. "Unaombwa uendelee kushikilia. Tafadhali. Asante."

Taa shingoni mwa Ganda ikageuka manjano.

"Sauti hii siijui," likasema Ganda.

Mabega yakalegea. Behewa likashuka shubiri moja, chuma kikapiga yowe, na watu waliobaki ndani wakapiga yowe pamoja nacho. Mwanamke mzee mlangoni alirushwa kwenye fremu. Eusebia aliona mkono wake ukipinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Umetishika," Kapteni alisema haraka, akamwekea mkono begani. "Si kosa lako, binti. Vuta pumzi. Rudia."

Kisha sauti ya Longino ikaja masikioni mwake, nyembamba, meno yakigongana.

"Eusebia."

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake.

"Eusebia, usinifanyie hivyo."

Ganda lilikuwa likikunja goti la kushoto, lile kaidi, likijiandaa kutua mzigo. Kulikuwa na sekunde chache.

"Haya, Mhehe," alisema Longino. Alikuwa akijitahidi. "Nasikia kwenu... nasikia mchumba akija kuposa, mnamwuliza mbwa kwanza. Mbwa akikataa, posa imekataliwa. Ni kweli, au watu wanawasingizia?"

Alikuwa amejua. Mtu pekee duniani aliyekuwa na uwezo wa kujua alikuwa amejua papo hapo, na bado alikuwa amemshikia mlango ili arudi. Eusebia alifumba macho. Mwili ule ulikuwa wa Longino. Alikuwa ameuweka chini ya chuma kwa hiari yake, na yeye Eusebia alikuwa ameung'oa pale kwa ujanja, kama mtu anayemwibia aliyelala.

Alikumbuka msiba wa mama yake. Watani wa Kingoni walikuja wakaingia ndani ya kaburi lililochimbwa, wakajilaza, wakasema hapa pazuri, hatutoki mpaka tupewe kuku. Watu walicheka machozi yakiwatoka. Baba yake, ambaye hakuwa amesema kitu kwa siku mbili, aliwafokea watani wale kwa dakika kumi, kisha akaweza kula. Hata kaburini utani haunyamazi. Kama ungekuwa unanyamaza mahali pa kifo, usingekuwa na kazi.

"Ni kweli," alisema. Sauti ilikatika. Taa ilibaki manjano. Akajaribu tena, na safari hii akamtafuta yule Longino wa birika, anayefuta miguu kama bwana harusi. "Ni kweli, mbwa anaulizwa. Na kwenu anaulizwa nani, mla panya? Panya mwenyewe hawezi kujibu, mmeshamla!"

Kijani.

Goti la kushoto likanyooka. Mabega yakapanda.

"Tunamwuliza... mama yake panya," alisema Longino.

"Mama yake ana akili kuliko ukoo wenu mzima! Simama wima, unajikunja kama kifurushi cha sukari! Mita hamsini tu unatetemeka, babu yako akikuona atarudi kulala!"

Ganda lilikuwa na spika mbili kifuani, za kuwaita majeruhi kwenye moshi. Hakuna aliyekumbuka kuzizima. Kila neno lilipanda juu kwenye behewa. Eusebia Kikoti, aliyezungumza na meza, alikuwa akimtukana mtu mbele ya watu thelathini na tano, Kapteni mmoja na korongo zima.

Mwanamke mzee wa mlangoni alikuwa amevuka nusu, mkono uliovunjika ameushikilia kifuani. Akasimama.

"Ni nani huyo anamtukana mtoto wa Kingoni?"

"Mhehe, bibi!" ilisema spika kutoka chini.

"Aa! Mhehe!" Bi kizee akainama kuelekea kwenye sauti, uso umepauka kwa maumivu. "Mwambie akafunge mbwa wake kwanza, wanalia njaa! Mjukuu wangu, kaza hapo hapo, usituaibishe mbele ya hawa!"

"Pita, bibi!" Eusebia alipiga kelele. "Pita, umekaa njiani kama ng'ombe wa kuibwa!"

"Ng'ombe wenyewe tuliwachukulia ninyi!"

Ndani ya behewa mtu akacheka, kicheko cha mtu aliyesahau yuko wapi. Mzee mmoja wa Kihehe akatoa kichwa dirishani kudai ng'ombe wa babu yake warudishwe leo leo. Kijana mwenye begi kichwani, Mnyakyusa, akasema nyie watu mtatuua kwa kucheka kabla daraja halijatuua. Na wakiwa wanacheka wakatembea. Miguu iliyokuwa imekufa ganzi kwa hofu ikaanza kutii. Walipita wawili wawili, kisha watatu watatu, kila mmoja akiacha neno lake kwa mtu wa chini.

Eusebia hakuacha. Alitukana viatu vya Longino, ugali wake, namna anavyopiga mluzi. Majibu yalipungua. Yakawa maneno mawili, likawa moja, ikawa pumzi inayojaribu kucheka. Thelathini na mbili. Thelathini na moja. Alipokosa majibu aliyasema yeye mwenyewe kwa sauti ya Longino, kisha akayajibu, na Ganda, ambalo lilijua mazoea kuliko maneno, likaendelea kuamini.

"Wa mwisho!" Kapteni alipiga kelele. "Wametoka!"

"Toka huko chini, mla panya!" alisema Eusebia. "Umelala kazini! Panda, chai inapoa!"

Ganda lilitua mzigo wake. Daraja likaenda mtoni kwa kishindo kilichoinua ndege kutoka pande zote za korongo. Mwili wa mwanzi ukapanda nguzo wenyewe, mkono kwa mkono, ukamfikia Eusebia, ukapiga magoti na kujifungua. Longino aliangukia mikononi mwake, midomo rangi ya majivu. Alikuwa anapumua.

*

Behewa la hospitali lilikuwa limeegeshwa ndani ya handaki, madirisha wazi ili jua la saa nne liingie kutoka mdomoni. Siku ya tisa waliruhusu wageni.

Eusebia alikuja na daftari kifuani. Kabla hajafika kitandani, alisimamishwa na mkono ulio ndani ya plasta. Alikuwa Bi Kolumba, mwanamke mzee wa mlangoni.

"Mwanangu, njoo nikuone. Kumbe ni kadogo hivi! Na ule mdomo wote ulikuwa umeuficha wapi?" Akamshika shavu kwa mkono mzima. "Umetuvusha. Mungu akupe kila unachoomba, isipokuwa mbwa. Hao unao wa kutosha."

"Mkono unaumaje, bibi?"

"Mfupa tu. Daraja lilishtuka kidogo. Si kitu."

Eusebia akamshika vidole vilivyotokeza kwenye plasta, akapita.

Longino alikuwa ameketi, blanketi tatu mabegani. "Mla mbwa amekuja kuangalia kama nimekufa."

Ilikuwa zamu ya Eusebia, na neno lilikuwepo. Badala yake akaketi kwenye kigoda na kumpa daftari.

Bwana Mdoe wa Idara ya Habari alikuwa amefika kambini siku ya tatu baada ya daraja. Aliona michoro ya Eusebia ya viungo vya Ganda ukutani mwa karakana, akasema nchi inahitaji kitu cha kuwapa watoto walioko kwenye makambi. Kijitabu cha picha, kurasa sita. Jina la Longino lisiandikwe kwa usalama wake; shujaa aitwe Mwanzi. Hakuna aliyewahi kumwomba Eusebia kitu kwa hamu namna ile, na alikubali kwa kuitikia kwa kichwa.

Longino aligeuza kurasa taratibu. Alicheka alipojiona akishuka kutoka mawinguni. "Na kiberenge?"

"Bwana Mdoe anasema kiberenge hakina heshima."

"Anaona sawa." Akageuza tena. Ukurasa wa nne ulikuwa mtupu. "Hapa ni nini?"

"Pale behewa lilipoanguka shubiri."

"Mbona hujachora?"

"Kapteni ameandika hitilafu ya muda ya sauti. Bwana Mdoe anataka nichore Mwanzi anateleza, halafu anajikaza. Anasema watoto watapenda kuona shujaa akiteleza."

"Sasa? Chora nimeteleza. Nisaidie tu kwenye pua, umeichora kubwa." Alisema hivyo kwa upole, na macho yake yalikuwa tayari yamemsamehe. Ndiyo maana haikuvumilika. "Ile hadithi ni ya watoto, Mhehe. Hakuna atakayeuliza. Tuseme niliteleza, yaishe."

Hakuna Ganda lililokuwa likisikiliza. Lilikuwa limening'inia mbali, kwenye kulabu zake, limezimwa. Chumba kilikuwa na mwanga, watu walikuwa macho, Bi Kolumba alikuwa hatua nne tu, na Eusebia hakuinamia meza yoyote.

"Hukuteleza," alisema. "Mimi ndiye niliyekuachia. Sikutishika. Nilijua kabisa Ganda lingefanya nini nikisema tafadhali, nikasema tafadhali."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Nataka nilisikie nikilisema." Akauweka mkono juu ya ukurasa mtupu. "Nitampelekea Kapteni karatasi yenye jina langu leo hii, na Bi Kolumba nitamwambia mwenyewe, nikitoka hapa. Lakini wewe kwanza. Ule mkono niliuvunja mimi, kwa sababu niliwaangalia wale watu wote, nikakuangalia wewe, na nikataka waanguke wao ubaki wewe. Nakupenda kuliko watu thelathini na tano, Longino, na sijui nifanye nini na jambo hilo."